Dredi zina siku 9 na kichwa chawasha: nioshe sasa au nisubiri? Maji yetu ni ya kisima

BintiKisauni
Salaam aleikum nyote. Naomba ushauri kwa wanaozijua dredi. Zangu zilisokotwa kwa kitana siku 9 zilizopita. Nywele zina urefu wa kama sentimita 8, na dredi zote ni 74. Fundi alisema nisitie maji mpaka miezi miwili iishe. Kwa joto hili la kaskazi jasho latiririka hadi shingoni, ngozi yawasha na harufu imeanza. Kwenye mizizi kuna ungaunga mweupe, sijui ni mba au ni dawa aliyopaka. Maji ya nyumbani ni ya kisima na yana chumvi. Ya mfereji huja mara mojamoja. Pia mimi hujitanda kila siku. Nioshe lini, na vipi, zisifumuke?

FundiKongowea
Wa aleikum salaam dadangu. Miezi miwili usiingoje. Mafundi husema hivyo ili kazi yao isifumuke, lakini ngozi ya kichwa haiachi kutoa mafuta na jasho kwa sababu nywele zimesokotwa. Dredi hufungika kwa nywele kukwaruzana na kushikana zenyewe. Nywele iliyojaa mafuta na mabaki ya dawa huteleza, haishiki. Dredi safi hufungika upesi kuliko chafu.

Muda wa kungoja wategemea zilivyoanzishwa. Za kitana mwanzoni hushikwa na jeli peke yake, na jeli ikikutana na maji huyeyuka. Kwa urefu wako ngoja zitimie siku 14, ukiweza 21. Misokoto ya nyuzi mbili, siku 14 zatosha, maana nyuzi zimepishana. Zilizopitishwa sindano au kroshia zimefungwa kama fundo, hata baada ya wiki moja waweza kuosha.

Lakini kwanza tujue huo ungaunga ni wa nini. Alikupaka jeli au nta? Chukua dredi moja ya kisogoni, tia ncha yake katika kikombe cha maji vuguvugu kwa dakika 5, kisha ibinye kwa vidole. Kama ni jeli utahisi utelezi kama wa bamia, na weupe utapotea. Kama ni nta, maji yatasimama juu ya nywele kwa vitone na vidole vitabaki vikinata, kama umeshika mshumaa. Ukishajaribu tuambie, maana majibu hayafanani.

Nahodha_Nyali
Mbona hakuna anayetaja bahari? Maji ya chumvi hukaza dredi. Bamvua likijaa asubuhi achovye kichwa, aache zikauke kwa upepo. Wengi hufanya hivyo.

ShangaziTudor
Mwanangu Nahodha, hapana. Ushauri wa chumvi ni wa watu wenye nywele laini zilizonyooka, ambazo hazishikani mpaka zikwaruzwe. Nywele za kipilipili zinajikunja zenyewe, hazina haja hiyo. Chumvi ya bahari, zaidi ya kuikausha nywele hadi ikatike, huvuta unyevu wa hewani. Angalia chumvi ya mawe ikiachwa wazi jikoni wakati wa masika: asubuhi huikuta imelowa na kutoa maji. Ndivyo itakavyokuwa kichwani, nje pakavu, ndani pabichi siku nzima, na muwasho juu yake. Kuogelea si haramu, ila mwenye dredi changa angoje zifike miezi 3 hivi, na akitoka baharini ajimwagie maji baridi ya mfereji papo hapo.

Na wewe binti, kisima usikiogope, kijue tu. Pwani yetu ya Mombasa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji yanayopita ndani yake huja na chokaa nyingi. Chokaa hiyo ikikutana na sabuni ya kipande hufanya utando mweupe usioyeyuka, ule ule unaoganda kwenye ndoo na karai. Kwenye nguo utausuuza. Ndani ya dredi hautoki. Ndio maana sabuni ya kipande haifai kabisa hapa, hata ile ya mwarubaini au ya liwa inayosifiwa. Shampuu ya maji haifanyi utando huo.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa ya nusu lita, tia maji ya kisima hadi robo, kwangua sabuni kidogo ya kipande ndani, funga, tikisa mara 20. Povu likisimama, maji ni mepesi. Povu likikosa na maji yakawa kama ya tui, ni mazito, na suuzo la mwisho lazima liwe la mfereji au la mvua.

BintiKisauni
Ahsanteni sana. Nimejaribu yote mawili. Dredi ilikuwa na utelezi na weupe umepotea. Kwenye chupa povu halikusimama, maji yakawa meupe. Ninao mtungi mmoja wa lita 20 wa maji ya mfereji. Yatatosha?

FundiKongowea
Yatatosha na kubaki. Alhamdulillahi ni jeli.

Kwa wengine watakaosoma hapa ambao vidole vyao vimebaki vikinata: nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 na zaidi, na maji ambayo kichwa chastahimili ni kama nyuzi joto 40. Kwa hivyo hakuna maji ya moto yatakayoitoa bila kukuunguza. Itakaa ndani, itashika vumbi na nyuzi za nguo, na baada ya miezi kadhaa dredi ikipasuliwa hukutwa na kiini cha kijivu. Dredi za wiki moja au mbili zenye nta, shauri langu ni kufumua, kuosha na kuanza upya. Inauma, lakini kufumua nywele za siku 9 ni kazi ya mchana mmoja, na za miezi 9 ni za kukata.

Sasa kuosha. Chagua siku ambayo huna safari, uanze mapema, saa mbili au tatu asubuhi, ili jua likishuka, kichwani mwako pawe pakavu.

Kusanya dredi nnenne au tanotano za jirani, uzifunge kwa lastiki laini karibu na ncha, bila kukaza. Hii yazuia ncha kufunguka na dredi kuzungukana. Kisha vaa kofia ya wavu, au kata mguu wa stokingi ya kike, ufunge fundo upande mmoja, uvute kichwani kama kofia. Maji na shampuu hupita, lakini nywele hazichezi. Dredi zikishika hata baada ya maosho matatu, kofia hiyo hutaihitaji tena.

Shampuu usimimine vile vile ilivyo. Pima mililita 50 za shampuu isiyo na rangi nzito wala krimu ndani yake, changanya na mililita 200 za maji ya mfereji kwenye chupa ya sosi yenye mdomo mrefu. Shampuu zile nzito nyeupe kama maziwa, zinazosema zinalainisha, ziache: zimetengenezwa ili nywele zisishikane, na wewe wataka zishikane.

Lowesha kichwa kwa maji ya kisima, vuguvugu au baridi. Ingiza mdomo wa chupa kwenye mistari ya ngozi, mstari kwa mstari, kuanzia paji hadi kisogo. Tumia nusu ya mchanganyiko. Halafu weka ncha za vidole kwenye ngozi, juu ya wavu, ubonyeze na kuachia, ubonyeze na kuachia, dakika 3 hadi 4. Usisugue kwa duara. Duara ndilo linalong'oa msokoto kwenye mzizi. Dredi zenyewe usizisugue, povu linaloteremka latosha.

Suuza kwa kisima mpaka povu liishe. Rudia na nusu iliyobaki. Suuza ya pili iwe ndefu kuliko ulivyodhani. Shika dredi kwa fungu, ubinye kutoka mzizini kuja nchani, utazame maji yanayodondoka kwenye beseni jeupe: bado yana ukungu, endelea, ni safi na nywele haitelezi, acha. Malizia kwa lita 6 hadi 8 za mfereji, kopo kwa kopo. Hapo wengi huharakisha, na mabaki yanayozungumzwa hutoka hapo zaidi kuliko kwenye jeli.

Kausha kwa fulana kuukuu ya pamba, si taulo. Taulo huacha manyoya, na dredi changa hula manyoya. Kitone cheupe kikiingia ndani hakitoki bila sindano. Binya, usikamue kwa kusokota.

MkaziWaMajengo
Niongeze kwa sababu dada amesema hujitanda. Usifunike kichwa kikiwa kibichi, hata kama ni mtandio mwepesi. Joto, giza na unyevu ndani ya dredi huleta ukungu, na harufu yake ni ile ya kitambara kilichosahaulika ndooni. Ikishaingia katikati, kuosha hakuiondoi upesi. Kaa chini ya pangaboi au mbele ya feni, achanisha mafungu, uyageuze. Dredi fupi kama zako huchukua saa chache tu kukauka. Zikinenepa zitachukua zaidi. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, tumia mashine ya kukaushia kwa moto mdogo. Kujua kama zimekauka, bana dredi katikati kwa vidole: ubaridi ukihisiwa, ndani bado.

Josho la twahara nalo huulizwa sana. Maji matupu, bila shampuu, yaliyomiminwa kwenye mistari na kubonyezwa kwa vidole hufika kwenye ngozi bila kufumua kitu, na kofia ya wavu haizuii maji. Ya kifikihi muulize ustadhi. Mimi nasema tu kwamba si lazima kila josho liwe la shampuu, na baada yake zikaushwe vile vile.

Usiku funga kitambaa cha satini. Leso ya pamba hunyonya mafuta ya nywele na kuacha nyuzi.

DawaniLikoni
Kuhusu mba. Mabaki ya jeli ni makavu, hukatika kama vipande vya gundi na kuyeyuka majini. Mba hushika ngozi, ni wa mafuta kidogo, wakati mwingine rangi ya manjano, na hurudi siku 2 baada ya kuosha. Ukiuona, usipake mafuta ya nazi wala mengine ya kupikia. Kuvu anayeleta mba hula mafuta hayo, kwa hivyo wamlisha. Tumia shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 kutoka duka la dawa: paka kwenye mistari, acha dakika 3 hadi 5, suuza, mara 2 kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4.

Lakini kukiwa na duara lisilo na nywele, usaha, au nywele zilizokatika kwenye ngozi kama vidoti, hayo huenda ni mashilingi (choa cha kichwani), na shampuu peke yake haitoshi. Kuvu wake huingia ndani ya unywele wenyewe, hutibiwa kwa vidonge. Nenda hospitali.

Muwasho wa kawaida kabla ya siku ya kuosha: lowesha pamba kwa maji ya mawaridi yasiyo na manukato ya ziada, kamua, pitisha kwenye mistari tu. Ukitaka maji ya mwarubaini, chemsha majani, acha yapoe, uyachuje kwa kitambaa kizito mara 2. Majani yakiingia kwenye dredi utayatoa kwa kibanio, moja moja.

BintiKisauni
Nimeosha leo, siku ya 16. Muwasho umekwisha na harufu pia. Zimefumuka 9, sita za kisogoni na tatu za mbele, na nyingine zimesimama nywele nywele kama zilizovimba. Nirudi kwa fundi azisokote zote?

FundiKongowea
Zote la. Kufumuka 9 kati ya 74 kwa osho la kwanza ni vizuri sana. Kuvimba na kusimama ni dalili kwamba zaanza kushikana. Nywele zinazodondoka kwa kawaida, kama 50 hadi 100 kwa siku, sasa zabaki ndani na ndizo zinazofunga. Usizikate wala usizilambishe kwa jeli.

Shughulikia hizo 9 tu. Zilowe kidogo, si chepechepe. Paka ute wa mshubiri kiasi cha punje ya mbaazi kwenye kila moja, sokota kwa kitana kuelekea upande ule ule wa mwanzo, tazama jirani yake ujue upande. Ukizungusha kinyume utafungua kilichokwisha kushika. Bana mzizi kwa klipu, uitoe ikikauka.

Kisha, kichwa kikiwa bado na ubichi, pitisha vidole kwenye kila mstari uachanishe mizizi iliyotaka kuungana. Ukiruka wiki mbili tatu, dredi mbili huwa moja, na kuzitenga kwahitaji mkasi.

Osha tena baada ya wiki 2, na kwa joto hili hata siku 10 sawa. Kusokota mizizi kwa fundi, wiki 4 hadi 6. Ukiona vipele kwenye ukingo wa paji au ukashindwa kulalia ubavu kwa maumivu, amekaza. Mwambie alegeze siku hiyo hiyo, kwa sababu mzizi uliovutwa kila mwezi huacha kuotesha.

ShangaziTudor
Na siki nayo, kijiko kikubwa 1 kwa lita 1 ya maji ya mfereji, dakika 2 kisha usuuze, mara moja kwa mwezi latosha kwa wa kisima. Soda ya kuumulia keki usiitie sasa, ni kali kwa dredi changa. Mtungi ukibaki na maji, ufunike uyaweke ya osho lijalo.