Nimepunguzwa kazini nikiwa na miaka 52: nianzie wapi?

Mtunza Bohari, Temeke
Habari zenu, ndugu zangu. Nimetunza bohari ya kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam tangu mwaka 2001, hadi wiki mbili zilizopita tulipopunguzwa kwa sababu uzalishaji umeshuka. Matangazo mengi ninayoyaona yanataka shahada, nami nina cheti tu. Mtoto wa mwisho yuko kidato cha tatu. Je, niendelee kutafuta ajira, au nichukue kiinua mgongo nifungue duka?

Mama Neema
Pole sana, kaka yangu. Kabla ya yote, hakikisha haki zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri atoe taarifa na kushauriana na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza. Kama hilo halikufanyika, una siku 30 tu tangu kuachishwa kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), kwa hiyo usingoje. Dai pia cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10, yaani siku 70 hata kama umetumika zaidi ya miaka 20. Fedha hiyo haitoshi kujaza duka na kulipa ada kwa pamoja, na mimi nisingeigusa kwa biashara nisiyoijua.

Mstaafu wa Ugavi
Namuunga mkono dada. Nenda NSSF ukaulizie fao la kukosa ajira, ambalo hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita. Kama michango yako imefika miezi 180, unaweza kustaafu kwa hiari ukiwa na miaka 55, kwa hiyo pengo la kuziba ni miaka mitatu.

Kuhusu kazi, usitafute cheo kilekile katika viwanda vikubwa. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hospitali binafsi na shule za bweni hupoteza mali nyingi kwa sababu hakuna anayejua kufungua leja, kuhesabu bidhaa zilizopo kila mwezi na kubaini kilichotoka bila hati. Kazi hiyo unaifahamu kuliko kijana mwenye shahada, na wengi wao hawatangazi nafasi. Mfuate mwenye duka, umwombe akupe wiki mbili za kuhesabu bohari yake kwa malipo mnayokubaliana, kisha umwonyeshe pengo kati ya vitabu na rafu.

Mtunza Bohari, Temeke
Asanteni. Je, nijifunze NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa serikali?

Mstaafu wa Ugavi
Jifunze, kwa kuwa wafanyabiashara wadogo wanaotaka zabuni za serikali wanahitaji mtu wa kuwaandalia nyaraka humo. Lakini anza na CMA, maana siku zinahesabika.