Ulinganisho: rili ya daraja la juu na fimbo ya kawaida, au rili ya kati, fimbo nzuri na zana kamili?

Mwindakolekole

Wakuu, salaam. Nataka kubadilisha vifaa vyote kwa mpigo mmoja na nimebaki na njia mbili mezani. Navua maji chumvi: siku nyingine niko juu ya mwamba natupa popa (chambo bandia cha juu ya maji), siku nyingine niko kwenye boti nashusha jigi (chambo kizito cha chuma cha kina kirefu). Ninaowafuata ni kolekole, nguru na jodari wa wastani.

Njia ya kwanza: karibu pesa zote ziende kwenye rili (mashine ya kuzungushia mshipi) moja ya juu, Shimano Stella SW au Daiwa Saltiga, fimbo iwe yoyote itakayopatikana, na zana niendelee na hizi za zamani. Njia ya pili: rili ya kati kama Penn Slammer IV au Shimano Saragosa SW, kisha kinachobaki kiingie kwenye fimbo mbili za maana, plaizi, kibanio cha mdomo, mizani na mshipi bora. Naomba maoni ya waliovitumia.

FundiRili

Mkuu, nitasema ninachokiona nikizifungua. Kinachoua rili nyingi zinazofika mezani kwangu ni chumvi, na mara nyingi kinachotangulia kufa ni kile kiroli kidogo ambapo mshipi unakatiza kona kabla ya kuingia kwenye spuli, yaani gurudumu unapojiviringisha. Maji yote yanayoletwa na mshipi yanapita hapo. Shika kiroli kwa ncha ya kidole ukizungushe polepole: ukisikia kama kuna mchanga ndani, beringi imeshaliwa. Kikiganda kabisa, mshipi wa kusuka unaanza kuchimba mfereji kwenye chuma, na mfereji huo nao unautafuna mshipi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza rili ina beringi ngapi, uliza imezibwaje. Slammer IV ina alama ya kuzuia maji ya IPX6, maana yake imepimwa kwa mpigo wa maji wa lita 100 kwa dakika. Spinfisher VI ya Penn hao hao ni IPX5, lita 12.5 kwa dakika. Zote mbili haziogopi wimbi, ila ukumbuke vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi, na sili (mpira wa kuziba maji) ikichakaa alama iliyoandikwa kwenye boksi haikusaidii.

Daiwa wana njia yao, Magseal: mafuta yenye chembe za chuma yanayoshikiliwa na sumaku ili yazibe mwanya bila mpira kusugua ekseli. Mafuta ya namna hiyo yalibuniwa NASA mwaka 1963 kwa ajili ya mafuta ya roketi, wavuvi tumekuja kufaidika baadaye. Inazunguka laini sana, lakini usitie oili yako ya kawaida kwenye sehemu zenye Magseal, utayachafua yale mafuta na kinga inaisha. Kama wewe ni mtu wa kufungua rili mwenyewe jioni, Slammer itakupenda zaidi. Kwa mvuvi wa mwambani naegemea njia ya pili.

BintiBahari

Naheshimu maneno ya fundi, ila njia ya kwanza msiizike mapema. Kwenye jigi tofauti ya rili ya juu unaisikia mkononi. Samaki mzito akigeuza kichwa ukiwa unazungusha, rili dhaifu mwili wake unajipinda kidogo, gia zinaacha kukutana sawasawa, na nguvu yako inapotelea humo humo ndani. Stella na Saltiga hazifanyi hivyo, ukizungusha samaki anakuja. Na breki zake, zile zinazomwachia samaki mshipi anapovuta, zinaachia kwa nguvu ile ile tangu mwanzo. Breki mbaya hung'ang'ania kwanza halafu ikaachia kwa kushtuka, na mshtuko huo ndio unaokata lida nyembamba, kile kipande cha mshipi kinachokaa kabla ya chambo.

Jambo moja kwa wote: acheni kununua breki kwa kilo zilizoandikwa pembeni. Mshipi unaokatika kwa kilo 30 unawekewa breki ya asilimia 25 hadi 30, yaani kama kilo 8. Rili inayojitangaza kilo 25 haina mahali pa kuzitumia hapo. Halafu breki yenyewe hupanda kadiri spuli inavyopungua. Mshipi uliojaa ukiwa na kipenyo cha sentimita 7 na breki kilo 8, samaki akivuta mpaka kipenyo kibaki sentimita 5, breki bila wewe kugusa kitu imefika kilo 11 na kidogo. Ongeza mkokoto wa maji kwenye mshipi mrefu. Mwenye haraka ya kukaza wakati samaki anakimbia mbali ndiye anayempoteza.

Mwindakolekole

Dada, hapo kwenye hesabu ya spuli umenifungua macho. Sasa fimbo je? Je, fimbo moja ya futi 7 na nusu haiwezi kufanya popa na jigi?

Nahodha wa Kina

Haiwezi, na hapa ndipo njia ya kwanza inapokufa kwako. Fimbo ya kutupa popa kutoka mwambani inahitaji urefu, futi 8 kwenda juu, na ncha inayojipinda vya kutosha kubeba uzito wa popa wakati wa kutupa. Ya jigi ni fupi, futi 5 au 6 na kidogo, kwa sababu unainyanyua siku nzima na kila futi inayozidi inampa samaki wenzo dhidi ya mgongo wako. Ukitafuta ya katikati utapata fimbo inayotupa karibu na inayochosha haraka.

Nyenzo: kaboni tupu ni nyepesi na inakupa habari ya kila mguso, ila haipendi kugongwa. Ikigonga ukingo wa boti leo, inaweza kuvunjika mwezi ujao kwa samaki mdogo ukabaki unalaumu kiwanda. Faiba ni nzito na inasamehe. Mchanganyiko wa kaboni na faiba, kwa mtu anayepanda miamba na kuteleza nayo, mimi naona ndiyo chaguo la akili, hata kama maduka yanasifia kaboni tu.

Tena fimbo hazivunjwi na samaki mkubwa, zinavunjwa na pembe. Samaki akiwa chini ya boti, mtu anainua fimbo mpaka inapita wima, mzigo wote unahamia kwenye ile robo nyembamba ya juu. Punguza pembe, tumia sehemu nene ya chini, hata fimbo ya wastani itakuvushia jodari.

Angalia na pete za fimbo mshipi unamopita. Pete za Fuji zenye kauri ya SiC (silikoni kabidi) ni ngumu na zinatoa joto vizuri mshipi wa kusuka unapokimbia. Lakini kauri ikipata ufa, hata usioonekana kwa macho, inakuwa wembe. Chukua kipande cha pamba, pitisha ndani ya kila pete ukizungusha. Ikiacha nyuzi imenasa, badilisha pete hiyo kabla ya kutoka tena.

KijanaWaZiwa

Samahani wakuu, mimi navua maji baridi kwa chambo bandia kutoka kwenye mtumbwi wa kasia. Zile rili za kukaa juu ya fimbo zenye breki ya kompyuta, DC ya Shimano, zinafaa?

FundiRili

Kijana, zinafaa. Umeme wake unatokana na spuli yenyewe inapozunguka, haina betri, na inazuia spuli isizidi mwendo wa chambo ili mshipi usitatizane. Inasaidia sana kutupa dhidi ya upepo. Ila gumba lako bado lina kazi chambo kinapogusa maji. Fungua mada yake tuichambue, tusimpotezee Mwindakolekole uzi wake.

Mzee wa Chubwi

Wanangu, mmesema vya rili na fimbo vizuri. Mimi niongeze vya mfukoni, maana ndivyo vinavyosahaulika.

Plaizi ya chuma cha pua ni imara lakini "cha pua" haina maana haishiki kutu, maji chumvi yataipata kwenye kiungo. Ya alumini ni nyepesi, na huwa na meno ya kukatia ya tungsteni kabidi yanayoweza kubadilishwa. Meno hayo yanakata mshipi wa kusuka safi, lakini ukiyatumia kukatia ndoano nene yanamegeka. Ya titani haina shida ya kutu kabisa, bei yake ndiyo shida. Ushauri wangu: plaizi ya alumini kwa mshipi na pete za chambo, na kikata-waya kizito kando kwa ajili ya ndoano. Kikata-waya hicho kiwe mahali mkono unafika bila kutafuta. Siku ndoano itakapoingia kwenye kiganja cha mwenzako huku samaki bado yuko upande wa pili, utanielewa.

Kibanio cha mdomo kinafaa kumtuliza samaki, hasa mwenye meno kama nguru. Msimning'inize samaki mzito wima kwa kibanio peke yake, taya na uti wake vinaumia. Mkono wa pili uwe chini ya tumbo. Na kama mnavua kwa chambo na mnataka kurudisha samaki majini, ndoano ya duara hushika pembeni mwa mdomo mara nyingi zaidi kuliko ya kawaida. Sharti lake ni moja: usishtue fimbo, zungusha tu mshipi ukaze wenyewe.

Mwindakolekole

Shikamoo Mzee, nimekupata. Wakuu, nimeamua njia ya pili, Slammer IV na fimbo mbili. BintiBahari, nimekuelewa kuhusu rili ya jigi, huko mbele nitaongeza ya juu kwa ajili ya boti. Swali la mwisho: gia ya kasi au gia ya nguvu, maana rili ni moja kwa kazi mbili?

BintiBahari

Piga hesabu kwa kipenyo cha spuli. Sentimita 7 ni mzingo wa karibu sentimita 22. Gia ya 4.9 kwa 1 inakuletea kama sentimita 108 kwa mzunguko mmoja wa mkono, ya 6.2 kwa 1 kama sentimita 136. Kwa nguru anayekimbilia upande wako, zile sentimita 28 ndizo zinazozuia mshipi usilegee. Kwa jigi kwenye kina kirefu, gia ya kasi itakumaliza mabega. Kwa kuwa rili hii itaishi zaidi mwambani, chukua ya kasi. Ile ya boti utakayonunua baadaye iwe ya nguvu.

FundiRili

Naunga mkono. Ukiipata, weka kwanza tabaka la nailoni chini ya mshipi wa kusuka, la sivyo mshipi wote utateleza kwenye spuli ukidhani breki imeharibika. Uvishe ukiwa umekazwa, uushike kwa kitambaa chenye maji, ukilegea utajichimbia ndani siku samaki akivuta. Breki ipime kwa mizani yako ikiwa imefungwa mwisho wa mshipi, fimbo ikiwa imepinda kama utakavyopigana.

Ukirudi nyumbani kaza breki, mwagia maji baridi kwa upole, usipige kwa mpira wenye presha maana unaisukuma chumvi kupita sili. Futa, tone moja la oili kwenye kiroli, kisha legeza breki kabisa kabla ya kuihifadhi ili diski zisibaki zimebanwa.

Nahodha wa Kina

Na lida uifunge kwenye mshipi wa kusuka kwa fundo la FG. Ni jembamba, linapita kwenye pete bila kugonga ukitupa popa. Lifanyie mazoezi nyumbani, mwambani upepo hautakupa nafasi.