Mtoto wa darasa la tatu hajui kusoma, lakini chenji haimshindi: mwanasaikolojia wa elimu atamsaidiaje?

MamaChamwino:
Habari za leo, ndugu zangu. Mwanangu wa kiume yuko darasa la tatu hapa Chamwino, na kusoma kumemshinda. Akikuta neno "baba" husema "dada", na mstari mmoja humchukua muda mrefu hadi wenzake wanaanza kucheka. Hata hivyo, jioni nikimwachia genge langu hutoa chenji bila kukosea, tena anakumbuka nani anadaiwa nini. Mwalimu wake ameshauri arudie darasa la pili. Jirani naye kanitajia mwanasaikolojia, nikadhani ni kumpeleka mtoto Mirembe. Naomba kueleweshwa: mtaalamu huyu hufanya nini hasa, na je, mtoto hatabaki na jina baya shuleni?

Mnasihi_Dom:
Pole kwa mashaka hayo, mama. Mirembe ni hospitali ya afya ya akili; mwanasaikolojia wa elimu hatoi dawa wala halazi mtu. Yeye hutafuta kinachomzuia mtoto kujifunza, ambacho huenda kimo ndani ya mtoto, nyumbani, au katika namna anavyofundishwa. Kwa hiyo huanza kwa kukaa na wewe: mtoto alianza kusema lini, aliwahi kupata degedege, nyumbani mnazungumza Kigogo au Kiswahili. Kisha hukaa nyuma ya darasa akimtazama, hupitia madaftari, na huzungumza na mtoto mwenyewe, jambo ambalo watu wazima tunalisahau mno.

Kabla ya hayo yote, apimwe macho na masikio. Katika mkoa ambao trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, imesumbua vizazi, hatua hiyo hairukwi.

Kuchanganya b na d peke yake si ushahidi, kwa kuwa watoto wengi wanaoanza kusoma hufanya hivyo. Kinachonifikirisha ni huko kusoma polepole. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na kukosa akili, anaweza hatimaye kuunganisha silabi zote kwa usahihi, ila kwa kasi ndogo mno, na mwalimu akadhani ni uvivu. Akirudishwa darasa la pili akafundishwa kwa njia ile ile, sioni kitakachobadilika.

Kuhusu jina baya: ripoti inayofaa haiishii kwenye jina la tatizo, bali husema nani afanye nini, na lini mzazi na mwalimu wakutane tena kuona kama kimesaidia.

MwalimuKongwa:
Niongeze upande wa shule. Wataalamu hawa ni wachache, kwa hiyo anza na mwalimu mkuu, naye awasiliane na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri. Mtaalamu mmoja alipokuja darasani kwangu, nilitarajia amchukue mtoto pembeni amtibu. Badala yake alikaa na mimi. Alitaka nimhamishie mtoto mbele, nimuulize kwa mdomo kabla ya maandishi, na nisimsomeshe kwa sauti mbele ya wenzake bila kumwandaa. Tukakata kadi za silabi kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Darasa lina watoto zaidi ya themanini, na bado iliwezekana.

BabaMakole:
Mimi vipimo vyao vinanitia shaka. Mwanasaikolojia Alfred Binet alitunga kipimo chake cha akili Paris mwaka 1905 kwa watoto wa Ufaransa. Mtoto wa Chamwino akionyeshwa picha za vitu asivyovijua, alama zitashuka na ataitwa mjinga.

Mnasihi_Dom:
Shaka yako ni ya haki, mzee wangu. Binet mwenyewe alikusudia kuwatambua watoto wanaohitaji msaada, si kuwapanga kwa maisha yao yote. Mtaalamu makini hatategemea alama peke yake, na genge la mama ni ushahidi pia: kipimo kikisema mtoto huyu hana akili, kitiliwe shaka kipimo kwanza.

MamaChamwino:
Nashukuruni sana. Wiki hii nampeleka kupimwa macho, na madaftari yake ya darasa la kwanza bado ninayo. Mwalimu, zile kadi mlizikata kwa ukubwa gani, na mlianza na silabi zipi?

MwalimuKongwa:
Ukubwa wa kiganja cha mtoto, mama, na kila kadi iwe na silabi moja. Tulianza na ma, ka na ta. "Ba" na "da" hatukuzifundisha pamoja: tulikaa na "ba" hadi akaizoea kabisa, ndipo tukaleta "da".