Kilomita 400 angani: mbona tiketi inasema saa 1 na dakika 15?

Wakuu, nampeleka mama kwenye matibabu. Kati ya viwanja hivi viwili vya mikoani ni kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Ndege ni ATR 72, ile ya mapangaboi, inayokwenda takriban kilomita 500 kwa saa. Nikigawanya napata dakika 48. Hizo nyingine zinakwenda wapi? Mgongo wake hauvumilii kukaa sana.

JIBU
Pole kwa mama, ndugu. Nimefanya kazi ya kupanga safari za ndege, na swali hili nalipenda. Muda wa tiketi huanza ndege inapoondoka maegeshoni, si inapopaa, na huisha inaposimama kwenye maegesho ya pili. Halafu zile kilomita 500 ni mwendo wake ikishafika juu angani; inapopanda na kushuka haifiki mwendo huo. Rubani pia huzunguka kidogo ili atue akielekea upepo. Na upepo wenyewe! Ukivuma kilomita 60 kwa saa kutoka mbele, dakika 48 zako zinakuwa kama 55. Ukitoka nyuma, 43. Mama mwombee kiti cha ujia, anyooshe miguu.

JIBU
Jeti je, si ingefika haraka zaidi?

JIBU
Kwa umbali huo, kidogo tu. Nchi nyingi haziruhusu kuzidi noti 250, yaani kilomita 463 kwa saa, chini ya futi 10,000. Jeti hupata faida safari ikirefuka.

JIBU
Asanteni. Naomba kiti hicho leo hii.