Adrenalini kwa mzio mkali: idungwe mshipani au kwenye msuli?

Swali, kutoka kwa mhudumu wa gari la wagonjwa, Morogoro

Wakuu, naombeni ushauri. Juzi tulimchukua kijana aliyeumwa na nyuki shambani, akiwa amevimba midomo, anapumua kwa mluzi na shinikizo lake la damu limeshuka. Tulikuwa na ampuli (kichupa kidogo cha dawa ya sindano) ya adrenalini iliyoandikwa 1:1000, na mwenzangu alitaka kuidunga yote mshipani, kama tufanyavyo moyo unaposimama. Nilimzuia, tukampa haidrokotisoni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) peke yake hadi hospitali. Kijana alipona, lakini sina amani: je, nilimkinga au nilimcheleweshea dawa?

Jibu, kutoka kwa muuguzi wa idara ya dharura

Pole sana, ndugu yangu. Ulifanya yote mawili. Ampuli ile ina miligramu 1 katika mililita 1, na kuisukuma yote mshipani kwa mtu ambaye moyo wake unapiga kungeweza kuvuruga mapigo vibaya au kupandisha shinikizo hadi damu ivujie kwenye ubongo. Hata hivyo, adrenalini ndiyo dawa ya kwanza: mtu mzima hudungwa miligramu 0.5, yaani nusu ya ampuli hiyo, kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Mtoto hupewa miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, bila kuzidi 0.5. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi, ilhali koo linaweza kuziba kwa dakika chache. Mgonjwa alazwe, miguu iinuliwe, na asisimamishwe ghafla hata akisema amepata nafuu.

Jibu, kutoka kwa mkufunzi wa huduma za dharura

Naongeza kuhusu uwiano huo wa 1:1000, maana unawachanganya wengi. Ya 1:10,000 ina miligramu 1 katika mililita 10, nayo ndiyo hudungwa mshipani moyo ukisimama, miligramu 1 kila baada ya dakika 3 hadi 5. Marekani iliondoa uwiano wa namna hii kwenye lebo za adrenalini mwaka 2016 kwa sababu ya makosa ya namna hii. Tamkeni miligramu na njia ya kudunga, mwenzako arudie kwa sauti huku akiitazama ampuli, ndipo mdunge. Kwa msuli, tumieni bomba la sindano la mililita 1.

Muuliza swali

Asanteni sana. Na mama mjamzito?

Muuguzi

Kipimo ni kilekile, na asicheleweshewe. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto.