Vakyumu isiyo na mfuko inanguruma lakini haifyonzi, nianzie wapi?

Bi_Chumbageni
Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri kabla sijampelekea fundi. Vakyumu yangu ni ya kopo, haina mfuko, wati 1,600, ina miezi minane. Nyumba ipo hapa Tanga mjini: zulia sebuleni, mkeka wa katani mlangoni, kwingine vigae. Wiki hii inalia kwa sauti nyembamba kuliko kawaida, mchanga inauacha palepale, na baada ya dakika kumi inazima yenyewe. Ina harufu ya nguo zilizolala na maji. Kopo namwaga kila likijaa. Filta ya sponji niliiosha Jumamosi jioni, nikairudisha Jumapili asubuhi. Je, mota imekwisha?

Fundi_Ngamiani
Dada, usiilaumu mota bado. Sauti ikipanda ujue mota inazunguka bila hewa ya kusukuma, maana yake njia imeziba. Hewa hiyohiyo ndiyo inayoipoza, kwa hiyo ikipungua joto linapanda na swichi ya usalama inakata umeme. Chomoa waya ukutani, iache ipoe saa nzima. Usiiwashe tena na tena, utaichoma kweli.

Ikishapoa, toa mpira wa kufyonzea, washa mashine, weka kiganja kwenye tundu ambalo mpira unaingia. Ikivuta kwa nguvu, tatizo lipo kwenye mpira, fimbo au kichwa. Ikivuta kwa unyonge, tatizo ni filta au raba inayoziba ukingo wa kopo. Mpira unaupima hivi: unyooshe, dondosha sarafu ya shilingi 100 upande mmoja. Isipotokea upande wa pili, sukuma uchafu kwa mpini wa fagio. Waya usitumie, unatoboa.

Mama_Raskazone
Mimi macho yangu yapo kwenye Jumamosi jioni hadi Jumapili asubuhi. Hizo ni saa kumi na mbili tu, na usiku hakuna jua wala upepo wa maana. Sponji inataka saa 24 kwa uchache, na kwa unyevu wetu wa pwani, hasa masika, ipe 48. Juu inakuwa kavu, katikati bado maji. Vumbi likifika hapo linakuwa tope, tope linaziba, na harufu hiyo ndiyo inapoanzia. Ibane ndani ya tishu kavu kwa nguvu. Tishu ikipata hata doa la maji, irudishe kwenye kamba.

Kuosha: maji baridi ya bomba, bila sabuni. Bonyeza na achia, usiikamue kwa kuisokota maana inachanika. Endelea mpaka maji yatoke meupe. Anika kivulini penye upepo. Na nunua sponji ya pili, moja ikikauka nyingine inafanya kazi. Namba ya modeli ipo kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya mashine, nenda nayo dukani.

Mdau_Makorora
Si aikaushe kwa mashine ya nywele, dakika tano tu?

Mama_Raskazone
Hapana ndugu yangu. Joto lile linakunja sponji, ikirudi haikai sawa kwenye kiti chake, vumbi linapita pembeni moja kwa moja hadi kwenye mota.

Fundi_Ngamiani
Naongeza hapo kwenye "kila likijaa". Kopo halisubiri kujaa, mwisho ni mstari wa MAX. Ndani hewa inaingia kwa ubavu na kuzunguka kwa kasi, mchanga unatupwa kwenye ukuta wa kopo na kuanguka chini. Ukijaza kupita mstari, hewa inauchota tena na kuupeleka kwenye filta. Mwagia nje, ndani ya ndoo yenye gazeti lililolowanishwa kidogo, vumbi lisiinuke. Chekeche la katikati lisugue kwa mswaki wa zamani, mkavu. Halafu futa raba ya kopo kwa kidole mzunguko mzima: mchanga wa pwani ukibaki pale, hewa inavujia hapo.

Jivu la mkaa na vumbi la saruji au chokaa usifyonze kabisa. Ni laini mno, linapita hadi kwenye filta, na saruji ikikutana na unyevu inaganda. Jivu linaweza pia kuficha kaa la moto.

Kamba_Katani
Mkeka wa katani, zima brashi inayozunguka. Nyuzi zinajisokota kwenye ncha za rola, zinakaza beringi na mkanda unakatika. Geuza kichwa, kata nyuzi kwa mkasi kufuata urefu wa rola, kisha zivute.

Bi_Chumbageni
Asanteni sana. Sarafu imepita. Kiganja kwenye tundu, inavuta kwa unyonge. Sponji nimeibana kwenye tishu, tishu imelowa. Nimeianika. Nyuma kuna filta nyingine ya karatasi yenye mikunjo, imekuwa ya kijivu. Nayo nioshe?

Fundi_Ngamiani
Basi mkosaji ni sponji. Hiyo ya nyuma ni HEPA, yaani filta ya kunasa vumbi laini kabisa, na si zote zinaoshwa. Angalia fremu yake au kitabu: kama hakuna alama ya bomba la maji, igonge taratibu juu ya gazeti tu, mikunjo usiisugue. Ikibaki ya kijivu na nguvu haijarudi hata sponji ikiwa kavu, badilisha. Mpaka sponji ikauke kabisa, mashine usiiwashe bila hiyo sponji, hata kwa dakika moja.

Bi_Chumbageni
Sawa fundi. Mpaka hapo nafagia.