Shule ya wasichana watupu: kweli binti anakuwa huru zaidi?

Mama Wawili
Wadau, habari za saa hizi. Binti yangu anaingia sekondari, na tumepata nafasi mbili: shule ya mchanganyiko na ya wasichana watupu. Nyumbani huyu mtoto anaimba, anabishana na baba yake mpaka taarifa ya habari inaisha hatujasikia neno. Darasani mwalimu wake ananiambia ni "mpole". Mpole! Shangazi yake anasema shule ya wasichana itamfungua. Mume wangu anasema itamfungia. Mliosoma au kufundisha huko, nielezeni mlichokiona.

Mwalimu wa Maabara
Mama Wawili, nimefundisha fizikia shule za aina zote mbili, kwa hiyo nitasema ya maabara.

Kwenye mchanganyiko, nikigawa vikundi vya kuunganisha sakiti, haichukui muda: mvulana kashika waya na ammita, msichana kashika kalamu. Hakuna aliyewapangia. Mwandiko wake mzuri, basi ajaze jedwali, na jedwali linatoka safi kweli kweli. Mtihani wa vitendo ukifika, kuandika ripoti anajua, kufunga waya hajui. Shule ya wasichana hana wa kumwachia. Atakayeunguza fyuzi ni msichana, watakaomcheka ni wasichana, na atakayeibadilisha ni yeye. Nje ya maabara ni vilevile: kuhamisha meza za ukumbini, kupanda ngazi kufunga spika, kuongoza mdahalo, kuwa kiranja mkuu na si msaidizi wake. Wanafanya kwa sababu kazi ipo na wao ndio waliopo. Mimi naona uhuru unaanzia hapo, kuliko kwenye hotuba za "jiamini, jiamini".

Institute of Physics ya Uingereza ilitoa ripoti mwaka 2012: katika shule za serikali za England, wasichana waliotoka shule za wasichana watupu walikuwa na uwezekano karibu mara 2.5 zaidi wa kuendelea na fizikia ya A-level, ngazi ya mwisho ya sekondari kwao, kuliko wale wa mchanganyiko. Lakini usimpeleke kwa kufuata alama. Mwaka 2014 watafiti Pahlke, Hyde na Allison walijumlisha tafiti zenye wanafunzi milioni 1.6 kutoka nchi 21, na walipobaki na zile zilizozingatia tofauti za wanafunzi tangu mwanzo, pengo la ufaulu kati ya shule za aina hizo mbili lilikuwa dogo mno.

Halafu kuna hedhi, na akina baba mlio humu msiruke aya hii. Kwenye mchanganyiko nimewaona wasichana wanaobaki wamekaa kengele ikishalia, sweta kiunoni, wanasubiri darasa liishe watu. Siku hiyo hata umuite ubaoni haji, na jibu analo. Shule ya wasichana sauti inatoka nyuma, "Nani ana pedi?", inarushwa, somo linaendelea.

Nilikaa Bweni
Mwalimu kasema kweli, ila asiwapake asali. Wasichana nao wana mahakama yao. Nina sauti nzito, na kabla wiki ya kwanza haijaisha nilishapewa jina, tena na dada wa darasa la juu aliyekuwa akisali kwa sauti kuliko wote. Bwenini hakuna pa kukimbilia. Unaowakwepa mchana ndio unaolala nao usiku. Kilichonisaidia ni mwalimu wa maigizo. Alitafuta mfalme, na wavulana hawakuwepo, akanisikia nikijibu mahudhurio. Nikavaa joho, nikanguruma jukwaani, na wale wale wakaanza kuja kuniomba niwasomee barua zao kwa sauti ya mfalme. Jina halikufutika lakini halikuuma tena. Asingekuwepo mwalimu yule, ningekuwa bubu mpaka namaliza.

Mzee wa Hoja
Sawa, dada zangu. Lakini dunia ni mchanganyiko. Akifika chuoni akakaa na wanaume si atajikunja?

Mwalimu wa Maabara
Mzee, hofu yako ina maana. Watafiti wa uchumi Alison Booth na Patrick Nolen waliwajaribu vijana wa England walio chini kidogo ya miaka 15, wakawaruhusu kuchagua: pesa ya uhakika, au bahati nasibu yenye uwezekano wa kupata zaidi. Matokeo yalichapishwa 2012. Wasichana wa shule za wasichana walithubutu sawasawa na wavulana. Wale wa mchanganyiko walisita zaidi. Hilo halisemi atakuwaje akiwa na miaka 30, ila kujikunja sikuoni.

Nilikaa Bweni, nakubaliana nawe kuhusu yule mwalimu. Nimeona shule ya wasichana ambako kucheka kwa sauti ni kosa la kuandikwa kwenye daftari la adhabu. Huko hata wavulana wasipokuwepo, msichana anajibana vilevile.

Kwa hiyo Mama Wawili, nenda siku ya masomo, si siku ya wageni. Omba kusimama mlangoni mwa maabara uone mikono iko wapi. Waulize wasichana, mwalimu akiwa mbali, nani alikosea jibu wiki hii na nini kilifuata. Wakikutajia mtu huku wanacheka, na yeye mwenyewe akacheka, mwandikishe. Wakitazamana kwanza kabla ya kukujibu, nenda kaitazame na ile ya mchanganyiko.